Anzia jalalani: mwanasayansi anavyoweza kujenga kampuni ya vifungashio vinavyooza akiwa ugenini

Kama wewe ni mwanasayansi, upo nje ya nchi yako, una filamu (ile karatasi laini nyembamba ya kufungashia) au sahani au kikombe ulichotengeneza kwa mwani au wanga au bakteria, na kichwani umeshaanza kuiona kampuni, basi kitu cha kwanza nakuomba ufanye wiki hii wala hakihusiani na maabara. Nenda kafuatilie takataka. Yaani chagua mteja mmoja unayedhani atanunua, kaa pale bidhaa inapotumika, iangalie ikitupwa, uliza ule mfuko wa taka unachukuliwa na nani, unapelekwa wapi, unachomwa au unafukiwa au unaingia kwenye mtambo wa mboji, na huo mtambo ukikutana na kitu kinachofanana na plastiki unakifanyaje.

Mimi nilifanya hivyo baada ya miaka miwili ya kazi wakati nilitakiwa nifanye siku ya kwanza. Msimamizi wa mtambo wa mboji alichukua sampuli yangu, akaikunja, akaiinua kwenye mwanga, akaniambia hii nikiikuta kwenye mkanda naitoa, sina muda wa kujua kama ni ya kwako inayooza au ni ya kawaida, zote zinang'aa. Nilikuwa na miaka miwili ya grafu nzuri za kuoza, na mwenye jalala ananiambia ataitoa kabla haijaanza kuoza.

Ndo maana hapa naenda kinyumenyume, kutoka jalalani mpaka kwenye mashine ya mteja, alafu ndo turudi kwenye hataza (patent, haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako), viza na pesa. Sisi watu wa maabara tumezoea kuanzia kwenye molekuli na kusogea mbele tukiamini huko mwisho kuna mtu anatusubiri, na kwenye hii biashara tabia hiyo inakula pesa kuliko kosa lingine lolote ninalolijua.

Inaoza wapi?

Kila kitu kinaoza ukikipa muda. Swali ni wapi, kwa joto gani, kwa muda gani, na kinabaki nini. Chukua PLA, ile plastiki inayotokana na asidi ya laktiki ya sukari ya mahindi au miwa. Kwenye mtambo wa mboji wa kiwandani, joto likiwa nyuzi 58 hivi na unyevu upo, inavunjika vizuri kabisa, kwa sababu joto hilo ni palepale PLA inapoanza kulainika, nyuzi 55 hadi 60, minyororo ya molekuli zake inalegea, maji yanapenya yanaikata vipande vifupi, vijidudu vinamalizia. Hiyohiyo itupe baharini au kwenye udongo wa baridi, itakaa miaka. PHA, plastiki nyingine ya aina hii, ni habari nyingine, ile ni akiba ya chakula ambayo bakteria wenyewe wanajiwekea mwilini, Maurice Lemoigne wa Institut Pasteur kule Ufaransa aliieleza tangu 1926, na kwa kuwa vijidudu vingi tayari vina vimeng'enya vya kuila, inaoza hata kwenye udongo wa kawaida na kwenye maji ya bahari, ila bei yake ni kubwa kuliko ya PLA na kuichakata kunahitaji mkono uliozoea.

Kwa hiyo ukimwambia mteja au mwekezaji "inaoza" tu, hujamwambia kitu. Mwambie kiwango rasmi cha ubora ilichofaulu. Ulaya kipo EN 13432, nacho kinataka mambo kadhaa kwa pamoja: angalau asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, baada ya wiki 12 kwenye mboji kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chujio la milimita 2, metali nzito ziwe chini ya kikomo, na mboji inayopatikana iweze kuotesha mmea bila kuudhuru. Marekani wana ASTM D6400 yenye mantiki hiyohiyo. Ukitaka kudai kwamba kitu kinaoza kwenye lundo la mboji la nyumbani, pale joto ni nyuzi 20 hadi 30 tu, kuna cheti cha OK compost HOME cha TÜV Austria, shirika la kupima na kutoa vyeti, chenye dirisha la miezi 12, na usishangae kitu kilichofaulu kiwandani kikafeli huku.

Alafu sheria, hapa usilale kabisa. Ufaransa, kupitia sheria yao ya 2020 ya uchumi wa mzunguko, hairuhusiwi kuandika neno la kwamba kitu kinaoza kiasili kwenye bidhaa au kifungashio. California nao hawataki neno hilo kwenye bidhaa ya plastiki. Umoja wa Ulaya kwa dairektivu ya 2019/904 ulipiga marufuku vitu kama sahani, mirija na vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja kuanzia Julai 2021, na plastiki inayooza haikupewa msamaha. Kinachosamehewa ni polima (molekuli za minyororo mirefu) asilia ambazo hazijabadilishwa kikemia, na mwongozo wa Kamisheni wa 2021 ulisema wazi kwamba polima iliyotengenezwa kwa uchachushaji wa kiwandani haihesabiki kuwa asilia, kwa hiyo PHA ambayo bakteria wameitengeneza wenyewe kisheria bado ni plastiki. Unaweza kuwa na kemia safi kabisa, bidhaa yako ikawa haramu kwenye soko ulilolilenga. Ukigusa molekuli ya mwani au selulosi ukaibadilisha kidogo tu ili isinyonye maji, unaweza ukavuka mstari huo bila kujua, kwa hiyo tafuta mwanasheria anayejua kemia kabla hujafunga fomyula.

Baada ya hapo chagua jalala lako. Nasema hivyo kwa maana halisi, chagua sehemu ambayo taka inajulikana inaenda wapi. Uwanja wa mpira, tamasha, kantini ya kampuni kubwa, shamba linalotumia filamu ya kufunika udongo, hizi ni sehemu zilizofungwa, mtu mmoja ndo anaamua nini kinaingia na nini kinatoka. Notpla, kampuni ya vifungashio vya mwani ya London, ni mfano ninaoupenda, waanzilishi wake Rodrigo García González na Pierre Paslier, Mhispania na Mfaransa, wote walikuwa wageni pale. Walianza na vifuko vya maji vya mwani, na mwaka 2019 vilitumika kwenye London Marathon ambapo wakimbiaji wanakunywa sekunde mbili kisha wanatupa chini. Mahali pa kutupia panajulikana, muda unajulikana, na ganda unaweza hata kulila. Baadaye wakahamia kwenye kupaka mwani ndani ya maboksi ya chakula, na 2022 wakapata tuzo ya mazingira ya Earthshot. Angalia walivyoanza na sehemu ambayo faida ya malighafi inaonekana kwa macho bila kuelezwa.

Mashine ya mteja ndo mtihani wenyewe

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo niliumia.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa na kiwanda cha kufungasha vitu vikavu, mashine inakwenda pakiti 60 kwa dakika. Maabara filamu yetu ilikuwa imefaulu kila kipimo, nguvu ya kuvutika, kupitisha mvuke, kila kitu. Tukapeleka roli jioni, ikalala stoo, asubuhi ikafungwa kwenye mashine. Dakika kama nne ikapita vizuri, mwenzangu ameshatoa simu anapiga picha. Alafu taya za moto zinazobana mshono zikaanza kunata, filamu ikavutika kama jojo, ikachanika. Fundi wa mashine, mama mmoja wa makamo asiyesema sana, akasimamisha, akachukua kikwanguo cha shaba akaondoa mabaki yetu kwenye taya, akafunga roli ya zamani, akaendelea. Wala hakukasirika. Alikuwa na zamu ya kumaliza.

Tulipokaa kutafuta sababu tukaikuta kwenye stoo. Filamu yetu ilikuwa na wanga ndani na wanga unapenda maji, usiku mmoja kwenye chumba chenye unyevu ulitosha, maji yakawa yanalainisha filamu kuliko tulivyopanga. Na plastiki ya kawaida ya polithini inavumilia taya zikipanda au kushuka joto kwa nyuzi nyingi tu, yetu ilikuwa na nafasi ya nyuzi kama 8, ukizidi inanata, ukipunguza haishiki. Maabara tulikuwa na kifaa kinachoshika joto bila kuyumba hata nyuzi moja, kiwandani taya zinapanda na kushuka kila mlango wa nje ukifunguliwa.

Tangu siku hiyo sianzi fomyula kabla sijapata majibu ya haya kutoka kwa mteja: mashine ni ya aina gani, spidi yake, joto la taya na linayumba kiasi gani, roli inavutwa kwa nguvu gani, upana na unene wanaotumia sasa, stoo ina unyevu kiasi gani mwezi mbaya kuliko yote, na bidhaa inakaa kwenye rafu miezi mingapi. Hilo la mwisho ni gumu kwetu, maana tunauza kitu kinachotakiwa kisioze kabisa kwa mwaka mzima alafu kioze haraka. Omba kuongea na fundi mwenyewe, usiishie kwa meneja manunuzi. Meneja anaweza kukupenda, lakini fundi ndo ataamua kama roli yako inarudi kwenye mashine. Na roli zifunge kwenye mifuko ya foili isiyopitisha unyevu, waambie wafungue wakiwa tayari kutumia.

Kama unafanya kazi na PLA kumbuka pia kukausha. Chembe zake zikiingia kwenye mashine ya kuyeyusha zikiwa na maji, joto linayafanya maji yakate minyororo palepale na unatoa kitu chenye kuvunjika kama biskuti. Watengenezaji wengi wanataka iwe chini ya gramu 250 za maji kwa tani nzima, ambacho ni kiasi kidogo sana, kikaushio cha kawaida cha maabara hakikufikishi huko kwa uhakika.

Na usijenge kiwanda. Najua inavutia kuwa na chuma chako chenye jina lako. Kodi muda kwenye kiwanda cha watu, wapo wanaokukamulia filamu au kukuundia vikombe kwa oda, unaleta malighafi unalipia siku. Ukiweza kufanya malighafi yako ipite kwenye mashine ambazo tayari zipo duniani, umeokoa miaka. Metabolix ya Marekani inafaa kusomwa na kila anayeingia huku. Ilitoka chuo cha MIT mwaka 1992, sayansi nzuri ya PHA, ikaungana na ADM, kampuni kubwa ya kusindika mazao, kikajengwa kiwanda Clinton, Iowa, chenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka. Mauzo hayakufika kasi hiyo, na mapema 2012 ADM ikajitoa. Sayansi ilifanya kazi, wanunuzi ndo hawakuwa wameshafika. Mtambo mkubwa unadai gharama zake kila siku iwe umeuza au hujauza.

Hataza na chuo, kabla hujafungua mdomo

Usionyeshe bango la utafiti wako kwenye mkutano, usitoe mada, usiweke tasnifu mtandaoni kabla ya kufaili hataza. Ulaya ukishaitangaza hadharani kabla ya kufaili, upya (sharti kwamba uvumbuzi uwe haujajulikana bado) umekufa, hata kama mtangazaji ni wewe mwenyewe. Marekani na Japani zinatoa mwaka mmoja wa kujiokoa, ila usiitegemee hiyo kama unataka soko la Ulaya pia. Ukishafaili ya kwanza una miezi 12 ya kufaili kwingine, na ukipitia njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, unapata mpaka miezi 30 tangu ile ya kwanza kabla hujaanza kulipia nchi mojamoja, ambapo ndo pesa nyingi inatoka. Huo muda utumie kujua soko lako ni lipi.

Swali linalotusumbua wengi ni uvumbuzi ni wa nani. Kama umeajiriwa na chuo, sehemu nyingi ni wa chuo. Ujerumani maprofesa walikuwa na haki yao maalum ya kumiliki uvumbuzi wao ikaondolewa 2002, Sweden bado ipo. Kama wewe ni mwanafunzi usiye na ajira hali inaweza kuwa tofauti, lakini pengine ulisaini karatasi siku ya kwanza na hukuisoma, itafute leo. Utatakiwa kukaa na ofisi ya chuo inayoshughulikia teknolojia mkubaliane leseni, na hapo pigania leseni ya kipekee kwenye eneo lako la matumizi, pigania malipo makubwa yaje baada ya mauzo yasije mwanzoni, na usigawe hisa nyingi mpaka mwekezaji anayekuja baadaye aone waanzilishi hawajabakiwa na kitu. Daftari lako la maabara lenye tarehe ni silaha kwenye mazungumzo hayo, litunze.

Na jambo ambalo niliambiwa nikiwa nimechelewa: hataza yako inazuia wengine, haikupi ruhusa ya kufanya. Unaweza ukawa na hataza ya filamu yako na bado ukawa unakanyaga hataza ya mtu mwingine ya namna ya kuilainisha. Lipia mtu akutafutie hataza za wengine unazoweza kukanyaga kabla ya oda kubwa.

Karatasi za kukaa

Huku nitapita haraka, sio kwa sababu ni kudogo, ila sheria zinabadilika na lazima usome ukurasa rasmi wa nchi uliyopo. Muhimu ni kutofautisha vitu viwili: kumiliki hisa na kufanya kazi. Sehemu nyingi mgeni anaruhusiwa kumiliki, ila kuamka asubuhi ukaitumikia hiyo kampuni ndo kunahitaji kibali. Uingereza mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kujiajiri, ila ipo viza ya Innovator Founder iliyoanza Aprili 2023, unahitaji taasisi iliyoidhinishwa ikuunge mkono. Uholanzi ina viza ya startapu ya mwaka mmoja, unakuwa na mwezeshaji anayetambulika. Marekani mhitimu wa sayansi anapata miezi 12 ya kazi za mafunzo na anaweza kuongezewa 24, lakini kwenye hiyo nyongeza lazima kuwe na mwajiri halisi anayekusimamia, huwezi kuwa bosi wako mwenyewe kwenye makaratasi.

Ninachokuomba: weka tarehe ya kibali chako kwenye kalenda moja na tarehe za majaribio ya mboji. Nimeona mtu mwenye kitu kizuri sana anaondoka nchini wiki tatu kabla matokeo ya miezi 6 hayajatoka, na mwekezaji alikuwa anasubiri hayohayo matokeo. Iliniuma kama ni yangu.

Pesa

Anza na ruzuku, kwa sababu kazi yetu ni ya polepole na wawekezaji wengi wana mfuko wenye saa inayokimbia. Lakini soma masharti ya uraia kwanza. SBIR, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa kampuni ndogo za utafiti, kwa kawaida inataka zaidi ya nusu ya kampuni imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu, kwa hiyo mgeni mwenye hisa zote anaweza akaandika maombi mazuri kabisa ya kurasa 40 na akawa hastahili tangu mstari wa kwanza. EIC Accelerator, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili kampuni changa za uvumbuzi, inaangalia zaidi kampuni imesajiliwa wapi, na ruzuku yake inaweza kufika yuro milioni 2.5, ushindani wake ni mkali.

Ukifika kwa mwekezaji usianze na molekuli. Mwambie unauza nini, kwa nani, mteja analipa kiasi gani kwa kilo sasa hivi na wewe utamtoza kiasi gani, na kwa nini akubali kulipa zaidi, maana mwanzoni atalipa zaidi, usimdanganye. Mara nyingi jibu zuri linatoka kwenye sheria au kwenye gharama ya taka. Mkulima anayetumia filamu ya kufunika udongo analipa watu kuing'oa baada ya mavuno, ikiwa imechakaa imejaa matope, ukimpa inayooza, ambayo anailima humohumo udongoni, umemfutia gharama hiyo, na ukiweka bei ya kung'oa kwenye hesabu, tofauti ya bei ya filamu inapungua sana. Hesabu ya namna hiyo mwekezaji anaielewa bila kujua PHA ni nini.

Tafuta na mwenzako ambaye hajatoka maabara. Mtu aliyewahi kuuza vifungashio, anayezijua simu za mameneja manunuzi, na akiwa mwenyeji anayeongea lugha ya pale kiwandani ndo bora zaidi. Ugenini fundi atakuambia ukweli kwa lugha yake, kwa Kiingereza cha kukaribisha wageni atakuambia tu kwamba imeenda vizuri.

Peleka majaribio ya mboji leo

Maabara rasmi inachukua miezi na huwezi kuiharakisha kwa kulipa zaidi, kwa hiyo sampuli ya kwanza ipeleke hata kabla hujaridhika nayo. Wakati unasubiri, rudi kwa yule mwenye mtambo. Mimi nilirudi kwa yule aliyesema zote zinang'aa, nikiwa na filamu yenye mistari mipana ya kijani inayoonekana kutoka mbali na mifuko 10 ya wavu, kila mmoja una pakiti zetu zilizochanganywa na taka za jikoni. Akakubali kuifukia ndani ya lundo lake halisi.

Baada ya wiki 12 tukaifukua pamoja, lundo linatoa mvuke, tukamimina kwenye chujio. Filamu haikuwepo. Kulikuwa na vijipande virefu vyembamba kama kucha, vingi tu, na tulipovitazama tukakuta vyote ni mishono, pale ambapo filamu imebanwa mara mbili na kuyeyushwa pamoja. Cheti kinatolewa kwa unene fulani na kinaishia kwenye unene huo, na sisi tulikuwa tumepima filamu tambarare miaka yote. Kwa hiyo ukipeleka sampuli, peleka pakiti iliyofungwa tayari, yenye mshono wake na wino wake na gundi yake, na kwenye fomu pale wanapouliza unene, andika unene wa mshono.